Gharib Hagusi Nyekundu

Ukitaka kumchelewesha Gharib, mwulize kwa nini hana nguo nyekundu hata moja. Mzigo utafungwa, gari litaondoka, na yeye atakuwa bado amesimama kwenye ngazi za jengo lao la Xiaobei, hapa Guangzhou, China, kidole kimoja hewani, anakupitisha Jangwani, kwenye makao ya Yanga, mtaa kwa mtaa.

"Mimi Yanga sikuichagua," husema. "Nimezaliwa ndani yake. Baba yangu Yanga, mama yangu Yanga, na mkunga aliyenipokea, Mungu amrehemu, alikuwa Yanga."

Hiyo ya mkunga hatuna ushahidi nayo, lakini nani atabishana naye? Ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mnene kidogo, mwenye sauti ya muadhini na kicheko cha muuza samaki. Amekaa Guangzhou miaka mingi kuliko wengi wetu, akinunua kofia na fulana na kuzipeleka Kariakoo. Ana mke na watoto Ilala, ana chumba cha ofisi ghorofa ya tano, na ana msimamo juu ya kila timu iliyowahi kugusa mpira.

Mashabiki wa timu za Uingereza, kwa mfano, anawaonea huruma. "Mtu wa Temeke analala na njaa kwa sababu Mwingereza kafungwa. Sasa niambie, Mwingereza gani amewahi kukosa chai kwa ajili ya mtu wa Temeke? Timu ni ya kwenu. Ikikufanya ulie, ulie na majirani zako." Na timu ya Msimbazi, hao Simba? Hapo hutoa leso, akajifuta jasho kwanza. Makolo. Watu wa kelele. Mungu kawaumba ili Yanga wapate mtu wa kumfunga. Nyekundu ni rangi yao, kwa hiyo nyekundu haivai, haikalii wala haishiki. Nyanya anakula, maana hiyo ni riziki, na riziki haina timu.

Sasa tazama vituko vya Mungu. Mtu huyu, kati ya nchi zote, kaletwa kwenye nchi ambayo heri yote ni nyekundu! Harusi nyekundu, mwaka mpya mwekundu, taa, milango, hata bahasha ya zawadi ni nyekundu. Kila mwisho wa mwaka wao Gharib anatembea Xiaobei kama mtu anayepita kwenye tope na viatu vipya.

Aliyefaidi vituko hivyo kuliko wote ni Yasir, kijana wa Unguja, wakala wa mizigo, ambaye ofisi yake inatazamana na ya Gharib. Yasir ni Simba wa kutupwa. Asubuhi haianzi bila wao kutupiana maneno kwenye ukumbi.

"Ami Gharib, vyura wameamkaje leo?"

"Wameamka mabingwa. Makolo je, wameshapata kazi nyingine?"

Huo ndio utani wao, na kwenye utani kila uongo ni halali. Yasir alishawahi kumwapia kwamba njano ni rangi ya mazishi hapa, ndiyo maana madereva wa teksi hawasimami akivaa jezi. Gharib akaacha kuvaa jezi wiki nzima, akawa anatembea kwa miguu, mpaka mwanamke mmoja wa dukani akamwambia njano ilikuwa rangi ya wafalme. Tangu siku hiyo lolote Yasir alilosema kuhusu rangi lilipita sikio hili likatokea la pili.

Kumbuka hilo la Yasir, maana ndilo lililomponza Gharib. Lakini kwanza nikwambie habari za Liang.

Liang ni fundi wa kofia. Ana karakana ndogo nyuma ya Zhanxi, kule kwenye maduka ya nguo ya jumla, na kapelo nyingi unazoziona vichwani mwa bodaboda wa Dar zimepita kwenye cherehani zake. Wafanyabiashara humwita Laoban, yaani bosi, kama wanavyowaita wenye viwanda wote. Gharib peke yake humwita Pengyou, rafiki. Hakulianza jina hilo kwa mapenzi, alilianza kwa kutaka kupunguziwa bei. Likageuka kweli mwaka wa korona, pale hoteli aliyokuwa akilala Gharib ilipomtoa nje na mabegi yake, kama ilivyowatoa wageni wengi weusi wakati ule. Alizunguka mchana kutwa, kila mlango hapana. Alipompigia Liang, alitaka tu amhifadhie mabegi. Liang alikuja na toroli, akapakia mabegi, akamwonyesha Gharib aende mbele. Gharib alikaa kwenye ghala la vitambaa la Liang mpaka hali ilipotulia, akiletewa chai na maji ya kutawadha. Gharib hajasahau. Akilisimulia hilo, hata kidole hakinyooshi.

Na lugha je? Kichina cha Gharib ni cha bei na rangi. Kiingereza cha Liang ni cha saizi. Mengine waliyamaliza kwa mpira.

Jiji hili lilikuwa na timu mbili kubwa. Ya kwanza nyekundu, tajiri, iliyowahi kuchukua ubingwa wa bara zima. Ya pili ya buluu, ya uwanja mkongwe pale kilimani, ambao kutoka Xiaobei unaufikia kwa miguu. Liang alikuwa wa ile nyekundu, roho na mwili. Gharib alichagua ya buluu, na sababu unaijua. "Mtu akihamia mji lazima awe na timu ya mji," alisema, "la sivyo ni mpangaji tu." Siku ya watani wa jiji walikwenda pamoja uwanjani. Liang alimletea fulana nyekundu mpya, kaikunja vizuri mikononi. Gharib alirudi nyuma hatua mbili kama kaletewa nyoka, akaishia kukaa na kanzu nyeupe katikati ya bahari ya wekundu. Kwake yeye huo ulikuwa ushindi, na aliusimulia Xiaobei nzima.

Halafu kuna besiboli. Ee Mola! Liang anaipenda timu ya besiboli ya jimbo kuliko anavyopenda kula. Alishonea wachezaji kofia zamani, na tangu hapo akanasa. Alimpeleka Gharib uwanjani, na Gharib akarudi na maoni yake. "Mchezo wa rungu. Mmoja anapiga, wanane wamesimama wanaota jua. Watu wamevaa mikanda na kofia kama wanaenda posta. Na mashabiki tulikuwa wachache, tungeweza kupanda lifti moja." Lakini baada ya kucheka aliongeza, "Ila yule mzee ana imani. Timu haionyeshwi kokote, haijazi uwanja, na yeye yupo. Huyo ndiye shabiki. Yanga ina mamilioni, hata nisipokwenda haitajua. Ile ya rungu Liang asipokwenda, benchi litajua."

Timu ya buluu ilikufa kwanza. Ikavunjwa, basi, jina likafutwa. Miaka miwili baadaye ile nyekundu ikafuata, mwezi wa Januari. Gharib alifunga ofisi akaenda kumhani Liang kama unavyomhani mfiwa, akakaa naye kwenye kiti cha plastiki. Timu ikifa ni msiba, hata kama ni ya mtani. Liang alitoa skafu mbili nyekundu za timu yake, moja akajivika, ya pili akamnyooshea. Gharib aliipokea kwa ncha za vidole viwili, akaiweka taratibu juu ya meza. Liang aliitazama pale mezani, kisha akaikunja akairudisha mfukoni. Gharib alitoka pale akijiona kafanya jambo la heshima.

Basi ikafika siku ya Liang kutimiza miaka sitini. Kwa Wachina hiyo ni siku kubwa, na Gharib alikuwa mgeni peke yake aliyealikwa. Zawadi aliifikiria mwezi mzima. Mtu huyu kawashonea wengine kofia maisha yake yote, yeye nani kampa kofia? Akaagiza Dar. Ikaletwa na msafiri, kapelo ya Yanga yenyewe, ya kijani kibichi, nembo ya njano imetariziwa kwa uzi mnene. Gharib aliifungua ofisini, akaivaa, akaivua, akaibusu.

Yasir aliingia akamkuta hivyo. "Ami, hiyo ya nani?"

"Ya Liang. Leo anaingia Jangwani rasmi."

Uso wa Yasir ulibadilika. "Ami, usimpelekee. Wallahi nakwambia. Mwanamume wa Kichina humpi kofia ya kijani. Kwao ni tusi, maana yake mkewe anatoka nje."

Gharib alicheka mpaka akashika meza. "Aa! Na njano ni ya maiti, si ndiyo? Na majani ya mti je, nayo yametukanwa? Mkishindwa uwanjani mnakuja na propaganda!"

"Ami, safari hii sitanii."

"Siku zote hutanii, mwanangu. Toka, nitakuchapa na kofia ya bingwa."

Ndugu yangu, hapo ndipo utani unapoua. Mwongo wa siku zote kasema kweli, na msikiaji kaziba masikio kwa sababu kweli hiyo imevaa jezi ya adui.

Karamu ilikuwa kwenye mgahawa, mchana, meza tano za mviringo. Ndugu wa Liang, mafundi wake, majirani wa Zhanxi. Gharib alingoja keki ikatwe, akasimama, akasema "Pengyou!" kwa ile sauti ya muadhini mpaka wahudumu wakageuka. Kisha hakumpa Liang kofia mkononi. Alimvika. Kwa mikono yake miwili, mbele ya watu, akaisawazisha juu ya nywele za mvi, akapiga makofi.

Alipiga makofi peke yake. Mtu mmoja wa meza ya nyuma alianza kucheka akajiziba mdomo. Liang alibaki ameketi, uso umemwiva. Alivua kofia kwa utulivu, akaiweka chini ya kiti, akamwashiria mhudumu alete chai. Karamu ikaendelea, lakini hakumtazama tena Gharib mpaka mwisho. Na kuanzia kesho yake hakupokea simu.

Gharib aliamini ni mafua. Siku ya pili akaamini ni kazi nyingi. Siku ya tatu akaenda karakana, na mafundi wakamwambia Laoban hayupo, huku viatu vya Laoban viko mlangoni. Akapanda kwa Mwikali, mkalimani wa Kikenya aliyesoma hapa na anayewasaidia wafanyabiashara wengi. Akamweleza yote. Mwikali aliweka kalamu chini.

"Mzee Gharib, haki hapo umeharibu. Kofia ya kijani? Mbele ya watu wake?"

"Kwa hiyo ni kweli? Yasir hakunidanganya?"

"Ni kweli kabisa. Na kuna kitu hujui. Yule mke wa Liang hakuenda kijijini kuuguza mzazi, vile Liang anakwambianga. Alienda na mwenye duka la uzi, hapo tu Foshan. Huo mtaa mzima unajua, ni wewe tu."

Gharib alikaa. Nilisema ana sauti ya muadhini; siku hiyo hakuwa nayo. Alirudi ofisini akafunga mlango. Mtu aliyemfungulia ghala dunia nzima ilipofunga milango, yeye kamvika aibu kichwani kwa mikono miwili, na akapiga makofi! Kama angeweza kumpoteza kila mteja Kariakoo abaki na Liang, angechagua Liang. Hilo alilijua papo hapo, na lilimtisha.

Kilichomtisha zaidi ni Yasir. Yasir hakucheka. Alileta kahawa, akakaa, hakutaja vyura wala ubingwa. "Ami, kosa ni langu pia. Nimekudanganya mara nyingi mno." Gharib alipoona Simba anamhurumia, ndipo akajua hali ni mbaya.

Alituma machungwa, yakarudi. Alituma ujumbe alioandikiwa na Mwikali, haukujibiwa. Wiki zikapita. Mwikali akamwambia, "Ulimwaibisha mbele ya watu. Machungwa ya kupeleka mlangoni hayasaidii. Enda mbele ya watu wale wale." Mwaka wao ulikuwa unakaribia kuisha, na kabla mafundi hawajarudi makwao kila mwenye karakana huwalisha chakula cha kufunga mwaka. Chakula cha Liang kingekuwa karakanani, Jumapili mchana. Gharib hakualikwa.

"Nitakwenda," alisema. "Nivae nini?"

Mwikali alimgeukia Yasir, aliyekuwa mlangoni. Wote watatu walijua watu huvaa nini siku hiyo.

Sweta ilinunuliwa Zhanxi. Muuzaji alipoipima kifuani mwa Gharib, Gharib alifumba macho kama anachomwa sindano. Nyekundu tupu, haina hata ufito mweupe. Yasir aliandamana naye kwenye treni, kwa sababu, alisema, "Peke yako utashuka njiani urudi." Gharib alishika bomba la treni akatazama chini njia nzima. Akihema kwa nguvu anaiona, akikohoa anaiona. Yasir alikuwa na simu mfukoni, na picha moja tu ingeitia raha Msimbazi yote kwa mwaka mzima. Hakuitoa.

Karakanani cherehani zilikuwa zimesogezwa ukutani, meza ndefu katikati. Mwikali alikwishafika. Mafundi wote waligeuka Gharib alipoingia. Liang alikuwa kichwani mwa meza, amevaa koti jekundu la hariri, na macho yake yakatua kwenye ile sweta.

Gharib alisema Kichina alichokikariri. "Nilikosa. Sikujua. Nisamehe." Kisha kikamwishia, akaendelea kwa Kiswahili, Mwikali akitafsiri. "Mwambie kofia ile kwetu ni ya heshima. Mwambie nilimpa kitu nilichokipenda. Mwambie nimemwaibisha mbele ya watu hawa, na mbele yao namwomba radhi."

Liang aliweka vijiti vyake mezani. Alisema polepole, na Mwikali akatafsiri polepole.

"Anasema kofia alikusamehe kesho yake asubuhi. Alijua wewe ni mgeni, mgeni hukosea. Hakufunga mlango kwa sababu ya kofia."

"Kwa sababu gani basi?"

"Anasema, kila mwaka mpya alikupa bahasha ya heri, ukaipokea kwa leso usiiguse. Alikupa fulana, ukarudi nyuma. Timu yake ilipokufa alikupa skafu muomboleze pamoja, ukaishika kama kitu kichafu. Anasema nyekundu ndiyo heri yake. Miaka hii yote ameamini wewe hutaki heri yake ikuguse. Alivumilia. Halafu siku yake ya kutimiza miaka sitini, mtu asiyetaka heri yake akamletea aibu. Akasema imetosha."

Yale maringo yake yote, kanzu nyeupe katikati ya wekundu, hadithi aliyoipamba Xiaobei nzima, yaligeuka mbele ya macho yake akayaona kwa upande wa Liang. Hajawahi kuona aibu kama ile.

"Mwambie ni mambo ya timu," alisema kwa sauti ndogo. "Timu ya kwetu. Rangi ya watani wetu. Basi."

Mwikali alitafsiri. Liang alikunja uso kama hakusikia vizuri. "Timu?" Akamtazama Yasir, Yasir akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni. Liang akauliza kitu kifupi.

"Anauliza, timu hiyo iko hapa?"

"Iko Dar."

Liang alijigonga kifua kwa kidole, akasema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha saizi, maneno ambayo kila mtu pale aliyaelewa. Timu iko mbali. Mimi niko hapa.

Liang alisimama, akamshika bega la ile sweta nyekundu, akamkalisha kiti cha kulia kwake. Kiti kilikuwa wazi. Mbele yake palikuwa na sahani ya nyama ambayo Gharib haruhusiwi kuila, akaanza kuisogeza kwa adabu. Fundi mmoja mwanamke akamzuia mkono, akainama chini ya meza akatoa kisanduku kilichofungwa kamba, chenye maandishi ya kijani ya mgahawa wa Waislamu wa Lanzhou. Tambi na nyama ya ng'ombe. Hakuna mwingine mezani ambaye angekihitaji. Yasir hakutarajiwa, na Gharib hakualikwa.

"Nani kaagiza?" Gharib akauliza.

"Laoban," akasema Mwikali, baada ya kumsikiliza yule mama. "Asubuhi. Alisema kiwekwe tu."

Tambi zilikuwa zimeshapoa na kushikana. Gharib alizila zote, akilia waziwazi, na Liang akawa anamwongezea mchuzi.